Herufi Moja ya Uhura

Ijumaa moja ya muhula wa pili, katika darasa ambalo madirisha yake ya nyuma yanatazama mteremko wa Menengai hapa Nakuru, niliwaonyesha wanachama wa chama cha Kiswahili dakika chache za kipindi cha runinga cha Star Trek kilichorushwa nchini Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Nilikuwa nimewaahidi kwamba wangesikia Kiswahili kikizungumzwa ndani ya chombo cha angani, katika karne ya 23 ya kubuniwa, na kwamba maneno hayo yalirekodiwa kabla Kenya haijatimiza miaka mitatu ya uhuru. Projekta yetu ina mwanga hafifu, kwa hiyo tulifunika madirisha kwa mashuka ya bweni, na vijana wapatao arobaini wakabanana kwenye madawati ya mbele ili wasikose neno.

Neno walilikosa. Mwanamume aliyevaa sare anamkaribia Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano, kwenye ujia wa chombo, anamsemesha kwa Kiingereza, kisha anabadilisha lugha na kumtamkia maneno machache ambayo luteni anayapokea kwa uso wa mtu aliyesikia sauti ya nyumbani. Tuliirudia sehemu hiyo mara nne. Mara ya kwanza baadhi yao walidhani ni Kiarabu. Kufikia mara ya nne tulikuwa tumeandika ubaoni matoleo matatu tofauti ya sentensi ile ile, na kila kundi likawa linatetea lake. Ndipo msichana mmoja wa kidato cha tatu, ambaye kwa kawaida husubiri wenzake wamalize kubishana, akainua mkono. "Mwalimu, hata tukiyaacha hayo maneno, jina lake lenyewe lina maana gani? Uhuru ninaujua. Uhura ni nini?"

Makala haya ni jibu langu kwake. Nalitoa kwa urefu kwa sababu habari za nyuma ya pazia za kipindi hiki husimuliwa sana kama vichekesho vya mashabiki, ilhali ukizipanga kwa makini zinaonyesha jambo lisilotajwa: ni nani aliyefikiriwa kuwa atakuwa ameketi mbele ya runinga akitazama, na ni nani ambaye hakufikiriwa kabisa.

Kipindi chenyewe kinaitwa The Man Trap, na ndicho kilichowafungulia watazamaji wa Marekani mfululizo wa Star Trek uliobuniwa na Gene Roddenberry. Mswada uliandikwa na George Clayton Johnson, mwongozaji akawa Marc Daniels, na picha zikapigwa katika studio za Desilu mjini Hollywood mnamo Juni 1966. Hakikuwa cha kwanza kupigwa picha. Vingine vilikuwa vimetangulia, lakini kampuni ya NBC ilichagua kuanza na hiki kwa kuwa kilikuwa na zimwi na sayari ngeni, mambo ambayo mtazamaji angeyaelewa papo hapo bila kuelezwa mengi. Zimwi hilo ni kiumbe wa mwisho wa jamii yake katika sayari iitwayo M-113. Huishi kwa chumvi, na chumvi inapomwishia huinyonya miilini mwa watu. Lina uwezo wa kusoma fikira na kujigeuza yule ambaye mtu anamtamani, na kwa hiyo daktari wa chombo, McCoy, anaona mbele yake mwanamke aliyempenda zamani, akiwa kijana kama alivyomwacha, huku nahodha Kirk akimwona mwanamke huyo huyo akiwa na umri mkubwa zaidi.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. La Johnson linakujua hadi ndani ya fikira zako, na bado linakumaliza. Mwanafunzi wangu mmoja kutoka upande wa Kakamega alisema hadithi hiyo ameizoea, kwamba ni yule manani, zimwi la hadithi za nyanya yake, anayejigeuza kijana mtanashati ili awapate wasichana wa kijiji. Niliona amesema kweli. Na njaa ya chumvi nayo si jambo la kubuni kwetu, kwa maana katika pango la Kitum kwenye Mlima Elgon ndovu huingia gizani usiku na kukwangua kuta kwa pembe zao ili walambe chumvi iliyo ndani ya mwamba.

Habari za utengenezaji wa kipindi hicho ni nyingi, na kadhaa nitazipita haraka. Vazi la zimwi lilibuniwa na Wah Chang, na aliyelivaa ni Sandra Gimpel. Katika chumba cha mimea kuna ua linalojinyosha na kujikunja kama lenye uhai. Hilo ni mkono wa mtu uliovikwa glavu na kupenyezwa kutoka chini ya meza. Luteni Uhura amevaa nguo nyekundu, ingawa katika vipindi viwili vilivyopigwa picha kabla ya hapo alikuwa amevalishwa rangi ya dhahabu. Haya yanapendeza kujua, lakini hayanishughulishi sana.

Linalonishughulisha ni habari ya vichupa vya chumvi. Kwa kuwa kisa chote kinategemea chumvi, ilibidi kichupa kionekane mezani, na msimamizi wa vifaa vya maigizo, Irving Feinberg, akaenda kutafuta vichupa vyenye maumbo ya kigeni ambavyo vingefaa karne ya 23. Alivipata, navyo vilikuwa vizuri. Vilikuwa vigeni mno hata watayarishaji wakahofia kwamba mtazamaji hatatambua kuwa ndani yake mna chumvi, na kisa kizima kitampita. Basi vikatumiwa vichupa vya kawaida, na vile vya Feinberg vikageuzwa kuwa vifaa vya matibabu vya Dkt. McCoy, na hivyo mtazamaji makini ataviona katika vipindi vingine mikononi mwa daktari, vikipitishwa juu ya majeraha.

Hapa Nakuru, katika vibanda vya chakula, chumvi huwekwa ndani ya mkebe mdogo wa plastiki uliotobolewa kifuniko kwa msumari uliopashwa moto, na mashimo huwa hayalingani, kwa hiyo mgeni hujimwagia chumvi nyingi asivyotaka. Mkebe kama huo ukiwekwa kwenye filamu, mtu wa mtaa wetu wa Bondeni angeutambua kabla kamera haijausogelea, na mtu wa California huenda asiutambue. Watayarishaji wa 1966 walilielewa jambo hili vyema. Walimweka mtazamaji wao mbele ya macho, wakajiuliza anachokijua mezani kwake, wakabadilisha kifaa kilichokwisha kununuliwa ili asije akapotea hata kwa sekunde chache. Lakini katika kipindi hicho hicho, dakika chache tu mbali na kichupa hicho, maneno ya Kiswahili yalitamkwa kwa namna ambayo darasa zima la wasemaji wa Kiswahili halikuweza kukubaliana yalikuwa maneno gani. Majina yanayopita mwishoni mwa kipindi hayamtaji mtaalamu yeyote wa lugha hiyo. Kwenye kichupa alikuwepo mtazamaji wa kumfikiria; kwenye Kiswahili kilichofikiriwa ni kwamba tu lugha hiyo itasikika kama lugha ya mbali.

Sasa nije kwenye jina. Mwigizaji wa Uhura alikuwa Nichelle Nichols, aliyezaliwa mwaka 1932 huko Robbins, katika jimbo la Illinois, na kufariki Julai 2022. Siku alipokwenda kufanyiwa majaribio, nafasi yake ilikuwa haijaandikiwa maneno, kwa hiyo akapewa kusoma maneno ya Spock, afisa wa chombo atokaye sayari nyingine. Mkononi alikuwa na riwaya iitwayo Uhuru, iliyoandikwa na Mmarekani Robert Ruark na kuchapishwa mwaka 1962, inayohusu Kenya iliyokuwa ikikaribia kujitawala. Nichols alilieleza jambo hilo katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1994. Katika mahojiano alisimulia kwamba Roddenberry alilipenda neno hilo lakini akaliona kali, na kwamba ni yeye Nichols aliyependekeza mwisho wake ulainishwe kwa herufi "a". Roddenberry akalikubali hapo hapo.

Kwa hiyo jibu fupi kwa mwanafunzi wangu ni kwamba Uhura halimo katika kamusi yoyote ya Kiswahili. Jibu refu ni kwamba herufi ile ya mwisho ilifanya kazi ambayo katika Kiswahili herufi ya mwisho haifanyi. Anayesikia Uhuru na kudhani ni la kiume, kisha akalifanya la kike kwa kulitilia "a", anafikiri kwa kanuni za Kilatini na lugha zilizozaliwa nacho, ambamo Julius ni mwanamume na Julia ni mwanamke. Kwetu nomino haina jinsia. Mwalimu, daktari, rafiki na mpishi ni maneno yanayomtosha mume na mke, na hata kiwakilishi "yeye" hakiulizi anayetajwa amevaa nini. Uhuru ni nomino ya dhahania iliyojengwa kwa kiambishi "u" na neno "huru" tulilolipokea kutoka Kiarabu, sawa na utu, uzuri na umoja. Ukiivua irabu yake ya mwisho na kuivisha nyingine hupati uhuru wa kike, unapata sauti isiyosimamia kitu. Majina yetu yanathibitisha hilo: nimewahi kufundisha katika darasa moja Imani wawili, mmoja mvulana na mwingine msichana, na hakuna aliyehitaji kubadilishiwa herufi.

Nilipolieleza hilo darasani, kijana mmoja alikasirika kwa niaba ya lugha, akasema jina hilo ni kosa na lingepaswa kusahihishwa. Sikubaliani naye moja kwa moja. Jina ambalo mtu amejichagulia ni lake, na Nichols alikuwa mwanamke Mweusi aliyeingia katika studio ambamo wanawake wa rangi yake walizoea kupewa nafasi za watumishi wa nyumbani, akatoka humo akiwa luteni anayesimamia mawasiliano yote ya chombo. Herufi aliyoichagua simkatalii. Ninachokikataa ni ile sentensi inayorudiwa katika vitabu na mahojiano mengi, kwamba Uhura ni neno la Kiswahili lenye maana ya uhuru. Sentensi hiyo inatuhusu, na sisi tunaoitumia lugha hii kuanzia asubuhi hadi usiku tuna wajibu wa kusema kwamba neno letu ni lile lingine, lenye "u" tatu, lililopazwa na umati katika viwanja vya nchi hii hadi sauti zikakauka, na ambalo kwa sikio letu halina ukali wowote wa kulainishwa.

Mwaka huo huo wa 1966, huko huko Los Angeles, neno jingine la Kiswahili lilibadilishwa kwa herufi ile ile. Mnamo Desemba, Maulana Karenga alianzisha sherehe ya Wamarekani Weusi ambayo jina lake lilitokana na maneno "matunda ya kwanza", nalo likaandikwa Kwanzaa, kwa "a" mbili mwishoni. Tofauti ninayoiona ni kwamba Kwanzaa lilibaki na mwili wake; mtu wa Kisumu akilisikia analijua, hata kama ataliandika kwa "a" moja. Na miaka sita kabla ya hapo, mnamo 1960, mpiga piano Randy Weston alirekodi mjini New York albamu aliyoiita Uhuru Afrika. Alipotaka Kiswahili kisikike ndani yake alimtafuta Tuntemeke Sanga kutoka Tanganyika, naye Sanga akaisema sehemu ya mwanzo kwa Kiswahili cha mwenyeji wa Afrika Mashariki. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba katika miaka hiyo wasemaji wa Kiswahili hawakuweza kupatikana Marekani. Walikuwepo, na ndege zilizopangwa na Tom Mboya zilikuwa zikipeleka vijana wa Kenya katika vyuo vya huko tangu mwaka 1959. Mboya mwenyewe, mwana wa Rusinga, alizunguka Marekani mwaka huo akihutubia kuhusu kujitawala kwa Afrika, na mwezi Mei alikaribishwa Atlanta kwa karamu ya jioni iliyoandaliwa na Martin Luther King. Neno uhuru lilikuwa limekwisha kufika Marekani kwa mdomo wa mwenyewe. Hollywood ililipokea kupitia riwaya ya mgeni.

Hata hivyo nisingependa msomaji aondoke akidhani kwamba ninakilaumu tu kipindi hiki, kwa sababu ndani ya ile sehemu ya ujiani kuna wazo ambalo ninaliheshimu, na ambalo ni la kina kuliko utamkaji wake. Turudi kwenye zimwi. Mwanamume anayemsemesha Uhura, aliyeigizwa na Vince Howard, si mtu. Ni zimwi lililojigeuza. Na zimwi hilo halijui Kiswahili. Limekichukua akilini mwa Uhura. Dakika chache kabla ya hapo luteni alikuwa ameketi kwenye mitambo yake akimlalamikia Spock kwamba anaanza kujiona kama sehemu ya mashine, akimtaka amweleze jinsi sayari yake inavyopendeza jioni mwezi unapokuwa mpevu, na Spock akamjibu kwamba sayari yake haina mwezi. Uhura yuko mpweke. Zimwi linauona upweke huo, linaingia ndani yake kutafuta sura ya kumvutia, na kinachotoka humo ni mwanamume Mweusi anayesema Kiswahili. Katika chombo kizima amri, salamu na mizaha ni kwa Kiingereza. Kiswahili ndicho kilichobaki moyoni mwa mtu mmoja kama hamu ya kwao. Mwandishi aliyeliwaza hilo, hata kama hakumpata wa kumfundisha mwigizaji jinsi ya kutamka, alikuwa ameelewa jambo kuhusu watu wanaofanya kazi kwa lugha isiyo yao.

Jambo hilo lilirudi mwaka uliofuata. Katika kipindi kiitwacho The Changeling, kilichorushwa tarehe 29 Septemba 1967 na kuongozwa tena na Marc Daniels, mtambo mmoja unaosafiri angani unafuta kumbukumbu za Uhura, na inabidi afundishwe upya kusoma kama mtoto wa chekechea. Muuguzi Chapel anaketi naye mbele ya skrini yenye sentensi fupi za mbwa na mpira. Uhura anakwama kwenye neno, anakereka, na katika kukereka kwake anaanza kusema Kiswahili. Muuguzi anamkatiza kwa upole: si kwa Kiswahili, kwa Kiingereza.

Nilipoiona sehemu hiyo kwa mara ya kwanza nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, nami nikasimamisha picha. Katika shule ya msingi niliyosoma, kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba tulichokiita diski. Aliyesikika akisema lugha ya kwao, au Kiswahili katika siku za Kiingereza, alikivaa shingoni, na aliweza kukivua tu kwa kumnasa mwenzake akisema neno lililokatazwa. Jioni waliokivaa siku hiyo walipanga foleni mbele ya ofisi. Kibao kilikuwa kimelainika kwa mikono mingi, na kamba yake ilikuwa na harufu ya jasho la watoto waliotangulia. Nilikivaa mara tatu, na mara ya tatu nilikivua kwa kumtega rafiki yangu kwa kumwuliza swali ambalo nilijua atalijibu kwa Kiswahili. Sijalisahau. Muuguzi Chapel hakumaanisha ubaya wowote, na walioiandika sehemu hiyo walitaka tu kuonyesha kwamba lugha ya mama ndiyo inayobaki wakati kila kitu kimefutwa. Lakini mtazamaji wa Nakuru, Kisumu au Bungoma anaposikia amri ile ya upole, anausikia pia uzito ambao waandishi hawakuuweka. Huyo ndiye mtazamaji ambaye hawakumwona walipokuwa wakiandaa kipindi, na kwa bahati ndiye anayeweza kuwaambia kwamba waliandika zaidi ya walivyokusudia.

Kuhusu King na Nichols wengi wamesoma, kwa hiyo nitagusa tu. Kwa masimulizi ya Nichols, mwishoni mwa msimu wa kwanza alimpa Roddenberry barua ya kujiuzulu siku ya Ijumaa, na mwisho wa juma hilo, kwenye hafla ya kuchangisha fedha, King akamjia na kumwambia kwamba yeye ni shabiki wake, kwamba Star Trek ndicho kipindi pekee ambacho yeye na mkewe Coretta waliwaruhusu watoto wao kukesha wakikitazama, na kwamba asiache. Jumatatu akarudi kazini. Ninachokiongeza ni hiki: mtu aliyemsihi aibakize nafasi hiyo alikuwa amemkaribisha mezani kwake Mboya, aliyekuwa akihutubia kuhusu kujitawala, miaka kadhaa kabla neno uhuru halijageuzwa kuwa jina la luteni.

Tangu hapo mambo yamebadilika kwa viwango tofauti. Katika filamu ya mwaka 1983 ya Star Wars, iitwayo Return of the Jedi, rubani wa ajabu mwenye mashavu yaliyoning'inia alipewa sauti na Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa akisoma Marekani, naye akatumia Kikalenjin na Kikuyu. Watayarishaji walitaka sauti ngeni kwa masikio yao. Wakenya waliokwenda kuitazama walisikia maneno wanayoyaelewa yakitoka kinywani mwa kiumbe wa nyota za mbali, wakacheka kwa furaha. Tofauti na mwaka 1966 ni kwamba safari hii aliyetamka alikuwa mwenye lugha, na kwa hiyo neno lilifika likiwa zima, hata kama aliyelirekodi hakujua lilikwenda kwa nani.

Uhura naye alipata jina la kwanza kwa kuchelewa sana. Katika mfululizo wa awali halikutajwa hata mara moja. Mwaka 1982 mwandishi William Rotsler alipendekeza Nyota, akaomba idhini ya Roddenberry na ya Nichols, wote wakalipenda, lakini halikutamkwa kwenye skrini hadi filamu ya mwaka 2009. Jina hilo wanafunzi wangu hawakulipinga. Ni neno zima, halijakatwa wala kuongezwa, na linafaa kwa mtu anayeishi kati ya nyota. Katika mfululizo wa sasa, Strange New Worlds, ulioanza mwaka 2022, mwigizaji Celia Rose Gooding anamwigiza Uhura akiwa kijana aliyekulia Kenya na anayejua lugha 37. Hilo linanifurahisha zaidi ya mambo mengine yote ya mfululizo huo, kwa kuwa linamchukulia mtoto wa Kenya kuwa hodari wa lugha, jambo ambalo kila soko la magharibi mwa nchi hii linathibitisha asubuhi ya siku ya soko, mama mboga anapomjibu mteja mmoja kwa Kiluo, wa pili kwa Kiluhya na wa tatu kwa Kiswahili bila kuacha kufunga mafungu ya sukuma wiki.

Na neno lenyewe, lile lenye "u" tatu, lilipanda angani kweli. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikisherehekea miaka saba ya kujitawala, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, ikibeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Wamarekani waliiita Uhuru, kwa heshima ya nchi iliyowapokea. Hakuna aliyeilainisha. Orodha ya mwisho iliyotokana na kazi yake ina vyanzo 339 vya miali hiyo, na hadi leo wanaastronomia huvitaja baadhi ya vyanzo hivyo kwa herufi U, ambayo ni ya neno letu. Niliwaambia wanafunzi kwamba huo ndio Uhuru wanaopaswa kuutaja mgeni akiwauliza kuhusu Kiswahili angani, kisha wamwongezee habari za Uhura.

Juma lililofuata niliwapa kazi. Waiandike upya ile sehemu ya ujiani, kwa Kiswahili ambacho mtu wa Nakuru angekisema. Ubishi ulikuwa mrefu na ulinipendeza. Kundi moja lilisema mwanamume wa cheo cha chini hawezi kumwanza luteni kwa kumsifia uzuri. Atasema "Afande" na kusimama wima, la sivyo atafungiwa. Kundi jingine likasema zimwi haliogopi kufungiwa, ila linajua kwamba luteni atashtuka akisikia lugha isiyofaa, kwa hiyo nalo litasema "Afande". Wakakubaliana hapo. Wakabishana tena juu ya "dada", wakaliacha. Halafu yule kijana wa Kakamega akasema kwamba manani wa nyanya yake hamsifii msichana kamwe. Humwuliza anakotoka, kwa sababu mtu aliye mbali na kwao hawezi kulipita swali hilo.

Wakaisoma mbele ya darasa. Mvulana akasimama karibu na ubao, mikono nyuma.

"Afande, samahani. Naona uko peke yako. Kwenu ni wapi?"

Msichana aliyekuwa ameuliza kuhusu jina ndiye aliyechukua nafasi ya Uhura. Hakuitazama karatasi yake. Alimtazama mwenzake kwa muda, kisha akatazama dirishani, upande wa Menengai.

"Kwetu ni mbali," akasema.